SOMO LA WATOTO: POMBOO SI SAMAKI



Katika toleo hili tunawaletea somo la watoto wa miaka 4 hadi 8. Wengi wao wamezaliwa hapa kambini na bahari hawajaiona. Mtu hatunzi asichokijua, kwa hiyo tuanze kwa kuwajulisha.

Lengo: Mtoto aelewe kwa nini wavu humwua pomboo, naye ajue la kufanya.

1. Tuwaeleze
Tuchore pomboo ubaoni. Tuulize: "Huyu ni samaki?" Wengi watajibu ndiyo. Tuwasahihishe kwa upole. Samaki hupumua ndani ya maji, lakini pomboo hana budi kupanda juu kuvuta hewa kama sisi. Tundu lake la pua liko juu ya kichwa. Mama hubeba mimba karibu miezi 12, huzaa mtoto mmoja na kumnyonyesha zaidi ya mwaka. Pomboo huishi kwa makundi. Hutoa sauti na kusikiliza mwangwi wake ili kujua kilicho mbele, lakini nyuzi nyembamba za wavu ni vigumu kuzitambua.

2. Tuoneshe kwa vitendo
Watoto wazibe pumzi huku mwalimu akihesabu taratibu. Anayechoka apumue, asilazimishwe mtu. Kisha tuchukue mfuko wa wavu wa vitunguu, tuuzungushe mkononi mwa mtoto mmoja, ajaribu kujitoa bila kutumia mkono wa pili. Tuwaambie: pomboo hana mikono. Akinaswa chini ya maji, hawezi kupanda kuvuta hewa, naye hufa kwa kukosa pumzi.

3. Habari ya Kizimkazi
Kizimkazi ni kijiji cha wavuvi kusini mwa kisiwa cha Unguja, Zanzibar. Zamani wavuvi wa huko waliwaua pomboo ili nyama yao iwe chambo cha papa. Katika miaka ya 1990 wageni walianza kuja kuwatazama, na wenye mashua wakapata riziki kwa kuwapeleka. Uwindaji ukakoma. Hata hivyo hatari haikuisha: nyavu za jarife bado huwanasa, na mashua nyingi zikiwazunguka huwanyima nafasi ya kupumzika na kunyonyesha. Nahodha mwema hukaa kando wala hawafukuzi.

4. Sisi tulio mbali
Watoto watauliza: "Bahari iko mbali, inatuhusu nini?" Tuwachoree njia ya maji. Vijito vingi vya hapa Kigoma huingia mto Malagarasi, nao huingia Ziwa Tanganyika. Maji ya ziwa hutokea Kalemie kwa mto Lukuga, yakafika mto Kongo, na mwisho bahari ya Atlantiki, ambako pia wako pomboo. Wazazi wanaotoka Kalemie wataujua mto huo, tuwaombe wausimulie.

Basi mfuko wa plastiki au kipande cha wavu kisitupwe kijitoni. Hata kisipofika baharini, kitawadhuru samaki wa ziwani tunaowala.

Maswali ya kurudia
– Pomboo hupumua kwa wapi?
– Kwa nini akinaswa hufa?
– Maji ya kijito chetu huenda wapi?

Juma hili kila darasa liokote takataka kandokando ya kijito kilicho karibu, wakiwa na mtu mzima. Vyuma na vioo vikali aokote mtu mzima.