MOTO, CHUNGU NA HEWA: SOMO LA WAKATI WA BARIDI



Katika kambi ya wafanyakazi hakuna ukuta katikati ya vyungu. Mtu aliyezaliwa hapa Katanga amezoea bukari ya unga wa mahindi. Jirani yake wa kutoka Kasai anachanganya mahindi na mihogo. Yule wa kutoka Kwilu ao Kwango anataka luku ya mihogo mitupu na chikwanga. Wa kutoka upande wa Bahari, Kongo ya Chini, anakata majani ya mfumbwa kama nyuzi nyembamba na kuyapika na kalanga. Watoto wanacheza pamoja, wanaonja kila mahali, halafu wanarudi nyumbani kusema: "Mama, na sisi tupike vile!"

Hilo ni jambo jema. Chakula cha namna nyingi kinajenga mwili kuliko chakula cha namna moja. Lakini leo nataka kuwaonyesha kitu kimoja: tunapochukua chakula cha jirani, mara nyingi tunachukua ladha yake na kuacha muda wake. Kila chungu kina saa zake. Kila moto una hewa yake. Mtu anayeiba saa za chungu ao hewa ya moto, siku moja atalipa.

NYUMBA MOJA, MWEZI WA SITA

Ninaeleza habari hii kwa ruhusa ya wenyewe, bila kutaja majina yao wala kambi yao.

Mama mmoja alijifunza kwa jirani wa Kwilu kupika sombe kwa namna ya kwao: majani yatwangwe sana, yachemke muda mrefu, halafu mafuta ya mawese, mbika na samaki mkavu. Mimi mwenyewe nilipita pale siku ya yenga, nikakaribishwa, nikala, nikasifu. Siku hiyo niliona mbabula imewekwa ndani, karibu na mlango wa chumba. Nilikuwa mgeni, nikaona haya kumwambia mama wa nyumba namna ya kuweka moto wake. Nikanyamaza. Kunyamaza kule kunanisumbua hata leo.

Majuma mawili nyuma ya pale, bwana alikuwa kwenye kazi ya usiku. Mama alirudi sokoni kwa kuchelewa, akaanza sombe yake jua likiwa limezama. Baridi ilikuwa kali. Alingoja makala yawe mekundu yote na moshi uishe, akaingiza mbabula katika chumba cha kulala, chungu juu yake. Aliwaza: chakula kitaiva na watoto watapata joto. Akafunga dirisha, akaweka kitambaa chini ya mlango. Akajilaza kidogo karibu na watoto wake wawili. Alikuwa na mimba ya miezi minane.

Bwana alirudi asubuhi mapema. Alipiga hodi, hakuna jibu. Alipofungua aliona chungu kimeungua, watoto wamelala bila kusikia jina lao, na bibi yake akikoroma vibaya. Hakusikia harufu nyingine ila ya sombe iliyoungua. Lakini alikumbuka somo la kazini. Alivuta pumzi nje, akaingia, akasukuma dirisha, akawatoa wote mmoja mmoja uwanjani, halafu akaita majirani. Mama na watoto wawili walipona kwa oksijeni ya hospitali. Mtoto aliyekuwa tumboni hakupona.

GAZI GANI ILE?

Makala yanapowaka bila hewa ya kutosha yanatoa gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Ndiyo maana ni mwizi wa usiku.

Damu yetu inabeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda mwili mzima, kama vile wagoni inavyobeba mawe ya shaba. Gazi hii inaingia ndani ya wagoni na kukaa pahali pa oksijeni. Inashikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Wagoni zinaendelea kutembea, lakini zimebeba mzigo usiofaa. Ubongo na moyo vinakosa oksijeni. Mtoto aliye tumboni anategemea damu ya mama yake, naye anaumia kuliko mama.

Alama za kwanza ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutaka kutapika, miguu kulegea, akili kuchanganyika. Watu wengi wanasema ni malaria ao uchovu. Angalieni: kama watu wawili ao watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa saa moja, na wanapotoka nje wanapata nafuu, msitafute malaria kwanza. Tafuteni moto. Mtu aliyelala haoni alama yoyote. Anapita toka usingizi hadi kufa.

Wafanyakazi wa chini ya udongo, ninyi mnaijua gazi hii. Baruti ikipasua mwamba, hakuna anayeruhusiwa kurudi mbele ya kupitisha hewa na kuipima. Katika moshi wa baruti gazi hii imo. Zamani huko Uingereza wachimbaji wa makaa ya mawe walishuka na ndege wadogo katika tundu, kwa sababu ndege alianguka mbele ya mtu. Waliacha desturi hiyo katika mwaka 1986, mashine za kupima zilipochukua kazi yake. Basi ninauliza: wewe unayekataa kuingia galeri isiyopitishwa hewa, kwa nini unakubali watoto wako walale katika galeri iliyozibwa kitambaa?

MANENO MATATU YASIYO YA KWELI

"Makala yakiwa mekundu bila moshi hayana hatari." Si kweli. Moshi ni kitu kimoja, gazi ni kingine. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya watu.

"Weka sahani ya maji karibu na mbabula, maji yatakula sumu." Si kweli. Gazi hii haikamatwi na maji.

"Mpe mgonjwa maziwa ao mafuta ya mawese." Si kweli, na ni hatari. Mtu asiye na fahamu akipewa kitu kinywani, kinaweza kuingia mapafuni na kumwua.

SUMU YA PILI: KUPUNGUZA SIKU ZA MIHOGO

Sasa turudi kwenye chungu, kwani haraka ile ile inaleta sumu nyingine.

Mihogo michungu na majani ya mihogo yana kitu ambacho kinageuka kuwa sayanidi. Wazee wetu hawakujua jina hilo, lakini walijua dawa yake: maji na muda. Mihogo michungu inamenywa, inalowekwa siku 3 ao zaidi mpaka ilainike, halafu inaanikwa juani. Majani yanatwangwa mpaka yalainike kabisa, halafu yanachemshwa bila kifuniko, ili mvuke utoke na sumu yake. Kwa hiyo usipike sombe katika chumba kilichofungwa, wala usifunike chungu mwanzoni.

Huko Kwango kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Kwa lugha ya Kiyaka maana yake ni miguu iliyofungwa. Munganga Trolli aliandika habari zake katika mwaka 1938. Mtu, mara nyingi mtoto ao mama kijana, anaamka na miguu imekazana, na haitanyooka tena kama zamani. Ugonjwa huo unaonekana pahali watu wanapokula mihogo michungu iliyolowekwa siku chache, huku wakikosa nyama, samaki na maharagwe. Siku zilipunguzwa kwa sababu ya njaa, ao kwa sababu wauzaji walitaka kupeleka mihogo sokoni haraka. Mihogo haikubadilika. Ni muda uliopunguzwa.

Ajabu ni hii: sayanidi inazuia mwili kutumia oksijeni, na gazi ya makala inazuia damu kuibeba. Sumu mbili, mlango mmoja. Na mara nyingi aliyefungua mlango ule ni haraka.

Kwa hiyo, mama, ukijifunza chakula cha jirani, usiulize tu: "Unatia nini?" Uliza tena: "Unaloweka siku ngapi? Unachemsha saa ngapi? Na kifuniko je?" Usione haya. Mpishi mzuri anafurahi kuulizwa.

NAMNA YA KUPIKA CHAKULA CHA SAA NYINGI

1. Anza mchana. Sombe na maharagwe si chakula cha kuanza jua likizama. Bwana akiwa na kazi ya usiku, ale yaliyopikwa mchana na kupashwa moto.

2. Loweka maharagwe usiku kucha, na mwaga maji yale. Yataiva upesi na makala yatapungua.

3. Tumia kikapu. Chemsha maharagwe kwa nguvu nusu saa, toa chungu motoni na kifuniko chake, kizungushie bulangeti la zamani ndani ya kikapu chenye majani makavu, funika vizuri. Yataendelea kuiva bila moto. Mbele ya kula, rudisha chungu motoni mpaka kichemke tena.

4. Pika nje, barazani, ao katika kibanda kilicho wazi pande mbili. Moshi wa kuni nao si rafiki: unaumiza macho, unaleta kikohozi, na watoto wadogo wanaouvuta wanapata ugonjwa wa mapafu kwa urahisi. Mtoto asikae mgongoni mwa mama anayepuliza moto.

5. Usichome kila ubao unaouona. Mataruma ya zamani ya njia ya reli yametiwa dawa ya kuzuia kuoza. Mbao za rangi, plastiki na nyaya za umeme vilevile vinatoa moshi wenye sumu. Baba, usilete vitu hivyo nyumbani kama zawadi kwa mama.

NAMNA YA KUPATA JOTO BILA KUFA

Watu wa kutoka mikoa ya joto wanashangaa wakifika hapa. Toka mwezi wa tano mpaka wa nane, usiku wa Katanga unaweza kushuka chini ya digri 10. Baridi ile ni ya kweli na mtoto mchanga anaumia. Siwaambii mvumilie. Ninawaambia mtafute joto lisiloiba hewa.

Baridi kubwa inatoka chini. Weka karatasi ngumu za maboksi ao mkeka mnene chini ya godoro, utaona tofauti. Valisha watoto soksi na kofia. Waogeshe saa sita ya mchana, si jioni. Wape uji wa moto mbele ya kulala.

Pasha matofali mawili makavu kando ya mbabula, nje. Yakipata joto, yafunge katika kitambaa kizito, yaweke kitandani mbele ya watoto kulala, halafu yatoe. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri inafanya kazi ile ile. Jaribu kwanza kwa mkono wako, na usiache kitu cha moto karibu na ngozi ya mtoto mchanga.

Wenye nyumba ya shimini wanaweza kuwasha kuni ndani, lakini kwa sheria. Shimini isafishwe mbele ya baridi kuanza. Kuni ziwe zimepasuliwa na kukauka miezi mingi. Kuni mbichi zinatoa moshi kuliko joto. Njia ya moshi isifungwe mpaka moto ufe kabisa. Majivu yatolewe katika ndoo ya chuma na kuwekwa nje, kwani kaa hai linaweza kulala ndani yake mpaka kesho.

Mbabula haina shimini. Kwa hiyo mbabula hailali na watu, hata ikiwa inaonekana imezimika.

UKIKUTA MTU AMEANGUKA

Usiingie kwa pupa, usije ukaanguka wa pili. Fungua mlango, vuta pumzi nje, ingia, sukuma madirisha, mtoe mtu kwenye hewa safi. Akipumua, mlaze kwa ubavu. Asipopumua, mpulizie pumzi kinywani kama tulivyofundishwa kazini, na mtu mwingine akimbie kuita gari. Usimpe kitu cha kunywa. Mpeleke hospitali hata kama ameamka na kusema amepona. Mama mwenye mimba aende hata kama anaumwa kichwa tu. Na mwambieni munganga neno hili: "Kulikuwa na moto chumbani." Neno hilo linaokoa muda.

MASWALI YA KUJIULIZA LEO JIONI

Mbabula yetu inalala wapi? Dirisha la chumba cha watoto linafunguka, ao limepigwa misumari? Mihogo tunayonunua ni mitamu ao michungu, na imelowekwa siku ngapi? Nani nyumbani anajua la kufanya mtu akianguka?

Na swali la mwisho ni la sisi tunaotembelea wengine. Ukikaribishwa kwa jirani, ukala vizuri, ukaona moto umewekwa pahali pabaya, utafanya nini? Mimi nilimaliza sahani yangu, nikaaga, nikaenda. Sasa kila nyumba ninayoingia wakati wa baridi, mbele ya kukaa, ninamwomba mama ruhusa na kumsaidia kutoa mbabula nje. Hakuna hata mmoja aliyenikasirikia.

Muwe na afya njema, na mlale na hewa.