Nia ya Moyo na Majira ya Kihamba

Somo: Luka 13:6-9, Mhubiri 3:1-8



Mwaka unapoanza watu wengi hufanya nia mioyoni mwao. Mmoja asema atasoma Neno kila asubuhi, wa pili asema ataacha pombe, wa tatu asema atapatana na jirani yake. Hata ifikapo Machi, ukiwauliza, wengi huinamisha kichwa. Mimi nami nimo katika hesabu hiyo. Basi leo twende kihambani tujifunze, maana sisi tukaao katika mitelemko ya Kilimanjaro twajua ya kuwa migomba na mibuni haidanganyiki kwa maneno.

Kwanza, someni habari ya mtini katika Luka. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu asipate tunda, naye ataka mti ukatwe. Mtunzaji amwomba mwaka mmoja tu, apate kuuchimbia pande zote na kuutia samadi; kisha utazamwe. Angalieni nia ya mtu huyu ina mambo matatu: muda uliopimwa, kazi ya mikono, na siku ya hesabu. Hakuahidi matunda, kwa kuwa matunda si yake kuyatoa. Aliahidi jembe na samadi.

Sasa tuyatazame majira.

1. Kiangazi. Januari na Februari jua ni kali, na buni zimekwisha kuvunwa. Ndio wakati wa kupogoa mibuni, kusafisha mfongo uletao maji, na kutoa samadi zizini. Ni majira ya kukata. Mtu aongezaye nia mpya asiache jambo lolote la zamani, afanana na mbuni usiopogolewa: majani mengi, buni chache. Ulizeni kwanza, "Niache nini?"

2. Masika. Tangu Machi hata Mei twapanda mahindi na maharagwe katika mashamba ya chini, na kihambani twapanda miche. Lakini mkulima mwenye akili hapandi kila apendacho. Katika shina la mgomba huacha watatu, mama, mtoto na mjukuu. Machipukizi mengine huyaondoa, yasije yakanyang'anyana chakula. Vivyo hivyo nia chache zitunzwazo ni bora kuliko kumi zisongamanazo.

Wala tusiifuate kalenda pasipo kutazama mbingu. Nilipokuwa kijana, mvua za vuli za mwaka 1997 zilizidi kipimo, zikaendelea hata mwanzo wa 1998. Na mwaka mwingine mvua hukawia. Mkulima hubadili siku ya kupanda, walakini haachi kupanda. Ugonjwa au msiba ukiivunja nia yako, iwekee siku nyingine, usiizike.

3. Kipupwe. Juni hata Agosti ni baridi na ukungu. Buni huanza kuiva, nasi huchuma zile nyekundu tu, tukarudi kwenye mti ule ule mara nyingi. Hapa twafundishwa saburi. Mlevi aliyeacha pombe mwezi mmoja ameiva upande mmoja. Tusimdharau kwa sababu ya upande ulio mbichi bado.

4. Vuli. Oktoba hata Desemba mvua fupi hutupa nafasi ya pili. Aliyekosa katika masika aweza kupanda maharagwe na mboga. Lakini si kila kitu hurudi pamoja na mvua, na hapa sina budi kuungama kosa langu.

Kati ya kihamba changu na cha mdogo wangu mpaka ni masale. Mwaka mmoja masale mawili yaling'olewa, tukagombana kwa maneno makali, na yaliyo makali zaidi yalikuwa yangu. Nikafanya nia ya kwenda kumwomba radhi. Nikasema, "Baada ya masika." Masika ikapita, nikasema, "Baada ya mavuno." Hivyo ikapita miaka mitatu, nami Jumapili nahubiri habari za upatanisho. Nia yangu ilikuwa ya kweli, ila haikuwa na siku. Mama yetu alikuwa akitungoja, akafariki kabla hatujapatana.

Vuli iliyofuata nilichuma jani la sale, maana kwetu Wachagga mmea uleule uonyeshao mpaka ndio uombao msamaha. Nikavuka. Mdogo wangu akalipokea jani kwa mikono miwili, akasema, "Kaka, nimekusamehe. Lakini ungalikuja mama yu hai, angalituona." Sikuwa na la kujibu, wala hata leo sina.

Wapendwa, hatufanyi nia ili tununue neema. Mtini ule haukustahili mwaka mmoja zaidi. Ulipewa bure, kwa maombi ya mwingine. Nasi tumepewa vivyo hivyo, na nia zetu ni shukrani kwa mwaka huo. Lakini mtunzaji aliomba mwaka mmoja, hakuomba milele.

Kwa hiyo kila majira yaanzapo, chukua karatasi uandike mambo matatu: nitafanya nini kwa mikono yangu, nitaanza siku gani, nani ataniuliza siku ya hesabu. Kama nia yako yamhusu mtu aliye hai, mwendee kabla ya mvua ijayo.

Maswali kwa wainjilisti na madarasa

1. Mtunzaji wa mtini aliahidi nini, na ni nini ambacho hakuahidi?
2. Katika majira haya tuliyo nayo, ni tawi gani lipasalo kukatwa katika maisha yako?
3. Je, yuko mtu uliyekusudia kumwendea? Utakwenda siku gani?