Nusu ya Kinga, Faida Zaidi ya Nusu

SWALI: Daktari, nasikia chanjo ya homa ya mafua huweza kumkinga mtu mmoja kati ya wawili tu. Kuna maana gani basi kuchanja moja ya tano ya watu?

JIBU: Maana ipo, tena kubwa, na hesabu ya kompyuta huionyesha vizuri. Chukua mji wa kubuni wenye watu 1,000, ambamo kila mgonjwa huambukiza wastani wa watu 1.3, kiwango cha kawaida kwa mafua ya msimu. Wagawe mafungu matatu, kama walivyofanya watafiti Kermack na McKendrick mwaka 1927: wanaoweza kuambukizwa, wanaoambukiza, na waliokwisha kupona. Bila chanjo, mlipuko unapoisha, takriban 420 wameambukizwa. Sasa wachanje 200, na chanjo iwashike 100 tu. Walioambukizwa wanashuka hadi 250 hivi. Hao 100, bila kinga, wangeambukizwa 42. Kwa hiyo zaidi ya watu 120 wengine wamenusurika kwa kuwa aliyekuwa awaambukize hakuugua.

Mji huo una kasoro moja: humo kila mtu hukutana na yeyote. Katika maisha halisi watoto ndio wanaochanganyikana zaidi, darasani na nyumbani. Japani ilichanja wanafunzi kwa miaka mingi, na vifo vya wazee vikapungua. Mpango uliposimama mwaka 1994, vikapanda tena. Kama dozi ni chache, mimi ningejaribu kwanza kuzielekeza shuleni, kisha nilinganishe matokeo na kuwachanja wazee wenyewe.