SOMO: JINA LAKO, WALISOME SAWASAWA

Tusome kwanza: Waamuzi 12:1-6, Danieli 1:1-7, Yohana 10:1-5



Wengi wa kalasi ya 6 watatoka hapa na diploma, watatafuta kazi katika kampani za shaba na kobalti. Huko watafanya kazi pamoja na wageni: Wachina, Wahindi, Wazungu. Mgeni atatazama karatasi, ataona Nkulu, Tshibangu ao Kyungu, atashindwa kusoma. Kisha atasema: "Miye nitakuita John tu, ni nyepesi." Tujibu nini?

1. Shida inatoka wapi?

Majina yetu si magumu kwa kinywa. Mtoto mdogo wa Katuba anaita "Mwepu!" bila kukosa. Shida iko katika herufi. Kwa Kifaransa, "ch" inasomwa "sh". Basi wale walioandika majina yetu wakati wa Wabelgiji, wakitaka kuonyesha sauti yetu, waliweka t mbele: "tsh". Ndiyo sababu tunaandika Tshombe, lakini tunasema Chombe. Mtanzania angeandika Chombe, na jina ni lile lile.

Tena kuna M na N mbele ya konsonanti. Mgeni hajazoea neno linaloanza hivyo, anatia vokali yake: "Enkulu". Wengine walitia alama: mfalme wa Bunkeya, aliyeuawa mwaka 1891, vitabu vinamwandika Msiri, M'siri, hata Mushidi. Mtu ni mmoja tu.

2. Jina likikosewa, maana inapotea

Wareno walipofika kwenye mdomo wa mto wetu mkubwa, karne ya 15, walisikia neno la Kikongo nzadi, maana yake mto. Katika kinywa chao likageuka Zaire. Mwaka 1971 Mobutu akaita inchi kwa neno hilo, na mwaka 1972 akakataza majina ya Kikristo kusudi watu warudilie majina ya mababu. Kumbe Zaire lenyewe lilikuwa kosa la kinywa cha mgeni! Lilidumu mpaka 1997.

Mfano wa pili ni Ilunga. Mwaka 2004 kampani moja ya watafsiri kule London iliuliza wataalamu 1000, nao wakachagua ilunga kuwa neno gumu kuliko yote kwa kutafsiri. Walisema ni neno la Tshiluba, maana yake mtu anayesamehe mara ya 1, anavumilia mara ya 2, lakini mara ya 3 hapana. Wenye lugha wengi walishangaa: kwao Ilunga ni jina la mtu. Kalala Ilunga ni shujaa mkubwa katika masimulizi ya ufalme wa Waluba. Ita "Ilunga!" katika barabara ya hapa, uone vichwa vingapi vitageuka. Hakuna aliyewauliza wenye jina.

3. Tufanye nini?

(a) Andika jina lako namna moja siku zote. Kama karatasi ya kuzaliwa inasema Ngoie, na diploma inasema Ngoy, siku moja mtu wa biro atasema: "Hawa ni watu wawili." Hapo kazi ao masomo ya universite yanaweza kupotea juu ya herufi mbili. Liste ya Examen d'État ikipita, soma jina lako herufi kwa herufi mbele ya kutia sinyatire.

(b) Mfundishe mgeni polepole, bila hasira: "Jina yangu ni Nkulu. Tuseme pamoja: N-ku-lu." Dikembe Mutombo wa Kinshasa alicheza basketi katika NBA ya Marekani tangu 1991 mpaka 2009. Hakujigeuza John. Wamarekani walijifunza kusema Mutombo.

(c) Eleza jina gani linatangulia. Mwepu Ilunga alichezea Zaire katika Kombe la Dunia la 1974. Wengine wanaandika Ilunga Mwepu. Wachina wanaelewa jambo hili, maana kwao pia jina la ukoo linatangulia: katika Mao Zedong, ukoo ni Mao.

(d) Na sisi tujifunze majina yao. Kila Mchina akipita, watoto wanapiga kelele "Chinois!" Ni nani amemuuliza: "Jina yako nani?" Ukimcheka anayeshindwa kusema Ng, kumbuka Waefraimu. Walishindwa kusema Shibolethi, wakasema Sibolethi, na watu 42,000 waliuawa. Kinywa cha mtu kisiwe sababu ya kumdharau.

Babeli walimwita Danieli Belteshaza. Hakupigana nao, lakini katika kitabu chake yeye mwenyewe anajiita Danieli. Na Bwana Yesu anatufundisha kwamba mchungaji mwema anaita kila kondoo kwa jina lake. Anayejua jina lako sawasawa ameanza kukujua wewe.

Maulizo ya kufikiri katika kalasi:
1. Jina lako lina maana gani? Nani alikupa?
2. Je, karatasi zako zote zinaliandika namna moja?
3. Ni jirani gani wa kalasi ambaye mpaka leo unakosea jina lake?