WALEZI WA CHAMA CHA VIJANA: KAZI YAO NI IPI?

Mtoto hafundishwi darasani tu. Mchungaji hujifunza majani kwa kuyaona. Mvuvi hujifunza ziwa akiwa ndani ya mtumbwi. Wazee wetu walijua hivyo tangu zamani, ndiyo maana walikwenda na watoto wao porini, shambani na ziwani.

Siku hizi mtoto hushinda shuleni. Kwa hiyo kuna vyama vinavyowatoa vijana nje ili wajifunze kwa macho na kwa mikono. Katika leo tutazungumzia watu wanaoviongoza vyama hivyo. Wengine huwaita wajumbe wa kamati, wengine wajumbe wa bodi. Sisi tutawaita walezi.

Chama kisicho na mwenyewe

Duka lina mwenyewe. Likipata hasara, yeye ndiye anayeumia, kwa hiyo halali usingizi. Chama cha vijana si duka. Hakitafuti faida. Fedha zake zimetolewa na watu ili zisaidie watoto. Hakuna mtu anayeweza kusema, "Chama hiki ni changu."

Basi nani atakesha? Walezi. Wao wamekabidhiwa kitu kisicho chao, wakitunze kwa niaba ya watoto na wazazi. Walezi wakilala, hakuna aliye macho.

Tuangalie kazi zao tatu.

Kazi ya kwanza: kuulizia usalama

Sisi wa Chato tuna jirani mzuri, Kisiwa cha Rubondo. Kisiwa hiki kilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe waliletwa huko kutoka Ulaya, na uzao wao upo mpaka leo. Uvuvi wa biashara katika maji ya hifadhi umekatazwa, na samaki huzaliana pale kwa amani. Mtoto wa mvuvi akiyaona hayo, ataelewa kwa nini nyavu haramu zinaua riziki ya kesho.

Lakini kufika Rubondo ni kuvuka maji. Tuchukue mfano. Chama kinataka kuwapeleka vijana 30 kutoka Muganza. Walezi wamekaa kikao. Mama mmoja anauliza:

"Mwalimu, maboya ya kuvaa ni mangapi?"

"Kumi na mawili, Mama."

"Na watoto?"

"Thelathini. Lakini wengi wanajua kuogelea, Mama. Na boti tumeshalipia."

"Basi safari haipo, mpaka yapatikane maboya ya wote."

Vijana watanung'unika. Mwalimu ataona aibu. Fedha za boti huenda zisirudi. Hata hivyo mama huyu amefanya kazi yake. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kukumbushwa sana. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, kikiwa kimejaza watu kupita kiasi. Watu zaidi ya 200 walikufa.

Mlezi asiyeweza kusema "hapana" si mlezi. Huyo ni pambo la kikao.

Walezi waulize pia: Nani anafuatana na watoto? Anajulikana? Wasichana wana mama au dada wa kuwaangalia? Wazazi wamekubali? Mtoto akiugua, kituo cha afya kiko wapi?

Kazi ya pili: kuulizia fedha

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe msomaji sasa unajua kusoma na kuhesabu. Tuhesabu pamoja.

Vijana 30 wametoa shilingi 5,000 kila mmoja. Jumla ni shilingi 150,000. Gari limelipiwa shilingi 80,000. Chakula kimegharimu shilingi 45,000. Jumla ya matumizi ni shilingi 125,000. Zimebaki shilingi 25,000.

Mlezi anauliza, "Hizo 25,000 ziko wapi?" Kuuliza hivyo si kumwita mtu mwizi. Mweka hazina mwaminifu hufurahi kuulizwa, maana daftari na stakabadhi zinamlinda. Aliyetumiwa fedha kwa simu naye aandike daftarini. Simu hupotea.

Mlezi asikilize pia moyo wake mwenyewe. Kama gari la kukodi ni la shemeji yake, aseme mapema, kisha wengine waamue bila yeye.

Sheria nayo inadai hesabu. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inataka shirika lililoandikishwa kwa sheria hiyo litoe taarifa ya kazi zake na ya fedha zake kila mwaka.

Kazi ya tatu: kuwaachia wengine

Mwaka 1991 Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, alikutana na wanafunzi 12 nyumbani kwake Dar es Salaam. Hapo likaanza shirika la vijana la Roots and Shoots, maana yake mizizi na machipukizi. Lilienea nchi nyingi duniani. Mama huyo alifariki mwaka 2025 akiwa na miaka 91. Kazi haikuzikwa pamoja naye, kwa sababu wapo wengine waliokabidhiwa.

Huko Kenya, vilabu vya wanyamapori vilianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wenyewe. Hapa kwetu vilabu vya Malihai vilianza mwaka 1980, na mashuleni kilabu huwa na mwalimu mlezi.

Tunajifunza nini? Kwanza, chama kisitegemee mtu mmoja. Mwenyekiti awe na muda wake, ukiisha ampishe mwingine. Pili, vijana wapewe nafasi kwenye kikao. Wao ndio wanaojua boti ilivuja wapi na chakula kilipungua siku gani.

Jambo la kuangalia

Mlezi si mwalimu. Asimnyang'anye mwalimu kazi kwa kumwamuru kila hatua porini. Mwalimu anatembea na watoto. Mlezi anahakikisha njia ni salama na hesabu ni safi. Kila mmoja akijua mpaka wake, ugomvi hupungua.

Ndugu msomaji, usiseme, "Mimi nimesoma kisomo tu, bodi ni ya wasomi." Mvuvi anajua upepo kuliko msomi wa mjini. Mama anajua mtoto aliyechoka kwa kumtazama tu. Ukichaguliwa, kubali. Kisha uliza.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini chama kisichotafuta faida kinahitaji walezi kuliko duka?
2. Ungekuwa mwalimu katika mfano wa Muganza, ungemjibu nini yule mama?
3. Kijijini kwenu, watoto wangeweza kujifunza nini nje ya darasa? Nani afae kuwa mlezi wao, na kwa nini?

Zoezi: Andika katika daftari lako maswali matano ambayo mlezi lazima aulize kabla watoto hawajapanda gari au boti.