Tinti ya Gari: Weusi Si Kipimo cha Kuzuia Joto

Msimu wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, gari lililoegeshwa juani Malindi au Mtwapa hugeuka tanuri. Usukani haushikiki na chuma cha mkanda huchoma. Wenye magari wengi hukimbilia kwa fundi na ombi moja tu: watiliwe tinti nyeusi kabisa. Ombi hilo huwapotezea pesa, kwa sababu weusi wa tinti na uwezo wake wa kuzuia joto ni mambo mawili tofauti.

Karibu nusu ya nishati ya jua inayofika ardhini ni miale ya infraredi, ambayo macho hayaioni lakini ngozi huihisi kama joto. Nyingine nyingi ni mwanga wa kawaida. Sehemu ndogo iliyobaki ni miale ya urujuanimno, inayofubaza viti na kudhuru ngozi. Tinti ya bei nafuu iliyotiwa rangi tu hupunguza mwanga, macho yakapumzika, lakini infraredi nyingi hupita. Zaidi ya hayo, rangi nyeusi hunyonya joto, kioo kikapata moto na sehemu ya moto huo ikaingia ndani.

Ushahidi uko katika magari ya mitumba kutoka Japani. Mengi huja na vioo vya nyuma vyeusi kutoka kiwandani, na bado abiria wa nyuma hulalamika kwamba jua linamchoma bega. Mwenye gari la aina hiyo hahitaji weusi zaidi. Anaweza kubandikiwa karatasi angavu ya kuzuia joto juu ya kioo kilekile.

Karatasi za seramiki ndizo zinazosifika kwa kuzuia infraredi bila kuleta giza, nazo ni ghali. Za kaboni hufuata, na hazipaukii zambarau haraka kama zile za rangi tu. Zenye metali huzuia joto vizuri, ila zinaweza kudhoofisha mawimbi ya redio, simu na ramani ya gari.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe karatasi ya vipimo ya kampuni iliyotengeneza tinti hiyo. Kipimo cha maana zaidi kina herufi TSER: ni asilimia ya nishati yote ya jua inayozuiwa, na kadiri inavyokuwa juu ndivyo bora. Tangazo la "asilimia 95 ya infraredi" lisimtie mtu kiwewe, maana huenda lilipimwa katika kipande kidogo tu cha miale hiyo. Taa ya joto inayowashwa dukani ina kasoro iyo hiyo, kwa kuwa hutoa infraredi zaidi kuliko jua lenyewe. Ni maonyesho mazuri, lakini si kipimo.

Herufi VLT huonyesha mwanga unaopita. Hapa kuna hesabu ambayo wengi huisahau: kioo chenyewe hupunguza mwanga. Kioo kinachopitisha asilimia 80, kikibandikwa tinti ya 50, hupitisha 40 tu.

Hesabu hiyo ni suala la uhai usiku. Katika sehemu zisizo na taa za barabara ya Mombasa–Malindi, bodaboda isiyo na taa au mbuzi anayevuka huonekana dakika ya mwisho hata kwenye kioo kisicho na tinti. Kioo cha mbele na vya milango ya mbele havifai kutiwa giza. Magari ya uchukuzi wa umma nayo yamepigwa marufuku kuwa na tinti, na mwenye matatu asishawishiwe na fundi yeyote.

Hakuna tinti inayofanya gari lililofungwa juani kuwa salama kwa mtoto. Joto ndani linaweza kupanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi au zaidi ndani ya nusu saa, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Asiachwe garini hata mzazi akienda kuchukua mkate tu.

Kazi yenyewe ifanyike pasipo vumbi, kwani chembe moja ya mchanga huacha kipovu kisichotoka. Vioo visiteremshwe kwa siku tatu hadi tano. Ukungu wa maji unaoonekana mwanzoni hukauka wenyewe. Usafishaji uwe kwa kitambaa laini na maji ya sabuni, bila dawa yenye amonia.

Risiti iandikwe jina la tinti, vipimo vyake na muda wa dhamana. Biashara ya haki ni miongoni mwa majukumu ambayo Katiba imezipa kaunti, hivyo mkazi aliyeuziwa ya rangi kwa bei ya seramiki anaweza kufika na risiti hiyo katika afisi ya biashara ya kaunti.