Kidimbwi cha Samaki Nyumbani: Kuchagua Mahali na Kutunza Maji

"Bwana Karani, mimi nina maji kando ya shamba. Je, siwezi kufuga samaki?"

Swali hili huletwa mezani kwangu mara kwa mara, hasa mvua zinapokaribia. Jibu ni kwamba waweza, lakini usianze kwa kushika jembe. Anza kwa kuyajua maji. Samaki hula ndani ya maji, hupumua ndani yake, na choo chake hukitia humo humo. Mtu wa mjini afugaye samaki wa urembo katika tangi la kioo, na mkulima mwenye kidimbwi cha tilapia, sheria yao ni moja: maji yakiharibika, samaki hana mahali pa kukimbilia.

Kazi hii si ngeni katika Kenya. Kituo cha samaki cha Sagana kilianzishwa mwaka 1948. Mwaka 2009 Serikali ilianza mpango mkubwa wa kuchimba vidimbwi katika sehemu nyingi za nchi, na vingi kati ya hivyo viliachwa baadaye. Kuchimba ni kazi ya siku chache, lakini kutunza ni kazi ya kila siku. Basi tujifunze hatua kwa hatua.

KWANZA: MAHALI

Tafuta mahali penye mteremko mdogo, ili maji yaingie upande wa juu na kutoka upande wa chini bila pampu. Pawe karibu na nyumba, maana kidimbwi cha mbali hulisha wezi na ndege. Usichimbe mahali ambapo mto hufurika.

Kisha pima udongo. Chukua konzi ya udongo, uloweshe kidogo, ufinyange uwe kama mpira, urushe juu na kuudaka. Ukivunjika mkononi, una mchanga mwingi na hautashika maji. Usipovunjika, fanya jaribio la pili: chimba shimo la kufika kiunoni, ulijaze maji asubuhi. Jioni lijaze tena na ulifunike kwa majani. Kesho yake asubuhi, kama maji mengi yangalimo, mahali hapo panafaa.

Kama wataka kuelekeza maji ya mto shambani kwako, pata kwanza kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Jirani aliye chini yako naye ana ng'ombe wa kunywesha.

Fikiri pia juu ya baridi. Tilapia hustawi katika maji ya joto la nyuzi 25 mpaka 30 za Selsiasi. Chini ya nyuzi 20 hukua polepole sana. Wenye mashamba ya milimani penye baridi wamwulize Afisa wa Samaki wa sehemu yao kabla ya kutumia hata shilingi moja.

PILI: KUCHIMBA

Mkulima anayeanza asichimbe ziwa. Kidimbwi cha mita 10 kwa mita 15 kinatosha kujifunzia. Upande wa maji kuingia kina kiwe nusu mita au zaidi kidogo, na upande wa kutokea kifike mita moja na ushee. Shindilia kingo vizuri na uzipande nyasi fupi. Usipande miti, kwa kuwa mizizi yake hutoboa ukingo. Funga wavu kwenye bomba la kuingizia maji na la kutolea, ili samaki wa mtoni wasiingie na wako wasitoke.

Jambo la mwisho lisisahauliwe: jenga ua na mlango. Mtoto mdogo aweza kuzama katika maji yanayomfika mtu mzima magotini tu.

TATU: VIFARANGA

Weka vifaranga wawili kwa kila mita moja ya mraba. Kidimbwi chetu cha mita 150 za mraba kitapokea vifaranga 300, wala usishawishiwe kuzidisha. Nunua vifaranga madume kutoka kituo kinachoaminika. Madume hukua upesi kuliko majike. Tena, majike na madume wakiwa pamoja huzaana mapema, na baada ya miezi michache utakuwa na mamia ya samaki wadogo kama kidole, wote wenye njaa.

NNE: MAJI NA CHAKULA

Maji mazuri ya tilapia si meupe kama ya kunywa. Ni ya kijani, kwa sababu ya vimea vidogo sana ambavyo samaki hula. Vimea hivyo huoteshwa na samadi. Ili kujua kama samadi yatosha, tumia mkono wako. Kunja kiganja kielekee juu, kisha tumbukiza mkono ulionyoka taratibu. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, rangi yafaa. Kikipotea mapema, maji ni mazito, simamisha samadi. Kikionekana hata maji yanapopita kiwiko, ongeza samadi kidogo.

Lisha mahali pamoja, saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Chakula kilichotengenezwa kwa samaki ndicho bora, na pumba husaidia. Toa kiasi wanachokimaliza kwa dakika 15 hivi. Kinachobaki huoza na kuchafua maji.

TANO: KOSA LANGU

Sitaki kuwaficha. Mwaka wangu wa pili niliona kidimbwi cha jirani ni kijani kuliko changu, nikaingiwa na wivu. Nikamwaga madebe sita ya samadi ya kuku kwa siku moja. Siku tatu zilizofuata mbingu ilikuwa na mawingu. Alfajiri ya siku ya nne mwanangu akaniita: "Baba, njoo uone, samaki wamekuja kutuamkia!" Kweli, vinywa vilijaa juu ya maji, vikifunguka na kufumba. Nikadhani wana njaa, nikawatupia pumba. Kufika saa sita mchana walikuwa wakielea. Karo ya muhula wa pili ilielea pamoja nao.

Samaki wale hawakuwa na njaa, walikuwa wakitafuta pumzi. Mchana vimea vya majini hutoa oksijeni, lakini usiku navyo huitumia, na samadi inayooza huitumia pia. Kwa hiyo oksijeni hupungua kabisa karibu na mapambazuko, hasa baada ya siku za mawingu. Ukiona vinywa juu ya maji asubuhi, usilishe. Ondoa samadi inayoweza kuondolewa, fungulia maji mapya mara moja, na usirudishe samadi mpaka mkono wako ukuruhusu.

Tangu siku hiyo, mimi huenda kidimbwini kabla ya kunywa chai.

SITA: KUVUA

Wakitunzwa vizuri, tilapia huwa tayari kwa muda wa miezi sita mpaka minane. Tuseme kati ya wale 300 umebaki na 240, na wanne wao hufanya kilo moja. Hizo ni kilo 60. Tafuta wanunuzi kabla ya kutia wavu majini, maana samaki aliyevuliwa hangoji. Usisahau kuwapikia watoto wako kwanza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Utajuaje kwamba udongo wako utashika maji?
2. Kwa nini madume peke yao ni bora?
3. Umeamka na kukuta samaki wamejaa juu ya maji. Utafanya nini, na hutafanya nini?

Asiyeweza kulijibu swali la tatu, na asome tena sehemu ya tano kabla ya kununua vifaranga.